MAJI YA MAMA NA UZITO WA MTOTO

Leo tuanzie hapa Shimanzi, kwa mama mjamzito aliyeketi mlangoni akingoja mkokoteni wa maji. Mfereji umekauka, leo siku ya tatu. Mtungi wa lita 20 una kazi ya kupika, kuosha vyombo na kuogesha watoto. Yeye mwenyewe hunywa kikombe kimoja, viwili, basi. Na wako wanaojinyima kwa makusudi, kwani wameambiwa maji yatamkuza mtoto hata ashindwe kutoka.

Shida ya maji kisiwani ni ya zamani. Wareno walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 walijenga ndani yake birika la maji ya mvua. Mji wa Kale uliishi kwa visima, na vingi vina maji ya chumvi. Mwaka 1957 bomba la zaidi ya kilomita 200 lilituletea maji matamu kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo. Mpaka leo twalitegemea, lakini watu wamezidi, na mfereji ukikauka twarudi kisimani.

Sasa tuingie tumboni. Mwaka 1963, madaktari Hytten na Paintin wa Aberdeen, Scotland, walipima damu ya wajawazito. Waliona majimaji ya damu yakiongezeka kwa zaidi ya lita 1, na waliozaa watoto wazito ndio walioongezeka zaidi. Damu hiyo ndiyo inayopita kwenye kondo ikimpelekea mtoto chakula na hewa. Mwaka 1991, huko Marekani, wajawazito wenye maji machache ya chupa walikunywa lita 2 za maji, na walipopimwa tena maji ya chupa yalikuwa yameongezeka.

Lakini tusidanganyane. Maji peke yake hayamnenepeshi mtoto, wala hayamzuii kutoka. Mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 ni mdogo, na mara nyingi sababu ni malaria, upungufu wa damu, lishe duni, presha, au kuzaliwa kabla ya wakati.

Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni chumvi. Mwaka 2011 watafiti walieleza habari za Dacope, Bangladesh, pwani ambako chumvi ya bahari huingia katika maji ya kunywa. Wajawazito wengi zaidi walipatikana na presha wakati wa kiangazi, chumvi inapozidi. Na presha ikipanda, damu haipiti vizuri kwenye kondo, mtoto akakosa lishe, akabaki mdogo.

Mama wengi huniambia, “Sista, mimi nayachemsha.” Vizuri, vijidudu vitakufa. Chumvi haitoki kwa kuchemshwa, wala kwa dawa ya maji. Kwa hivyo maji ya kisima yenye chumvi yafulie na kuoshea. Maji matamu yakipatikana, hata kidogo, mtengee mjamzito kwanza, kabla ya chai ya wageni. Baba unayesikiliza, hili ni lako pia. Kwa joto letu la Mombasa, glasi 8 hadi 10 kwa siku. Mkojo ukiwa mzito na wa rangi ya chai, hajanywa ya kutosha.

Ukiumwa sana na kichwa, macho yakiingia ukungu, uso na mikono ikivimba, au mtoto akipunguza kucheza, usikae kunywa maji ukingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapimwe presha.