Mapatano, Bunduki za Rashasha na Handaki: Vita vya 1914 Vilivyozama Ardhini

Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, Franz Ferdinand, aliuawa mjini Sarajevo. Siku 37 baadaye mataifa makubwa matano ya Ulaya yalikuwa vitani. Mwaka ulipokwisha, majeshi yaliyotarajia kurudi nyumbani kabla ya Krismasi yalikuwa yamejichimbia katika mstari wa mahandaki wa kilomita 700 hivi, kutoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi. Desturi ni kuwalaumu majenerali kwa jambo hilo. Lawama hiyo ina haki yake, lakini haielezi kwa nini majenerali wa pande zote, wenye tabia na mafunzo mbalimbali, waliishia katika tope lilelile.

Chanzo kimoja ni mapatano. Ujerumani na Austria-Hungaria ziliungana mwaka 1879, Italia ikajiunga nazo mwaka 1882. Ufaransa na Urusi zikafungamana mwaka 1894; Uingereza ikapatana na Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907. Kwa kawaida husemwa kwamba mapatano hayo yalieneza moto kutoka nyumba hadi nyumba. Ni kweli, lakini yalifanya zaidi ya hapo: yaliamua hata njia ya kupita. Ujerumani, ikijiona imebanwa kati ya Ufaransa na Urusi, ilikusudia kuishinda Ufaransa kwa majuma machache kabla Warusi hawajakamilisha kukusanya watu wao. Mpaka wa Ufaransa ulikuwa na ngome nyingi. Ilibidi kuzunguka kwa kupita Ubelgiji. Ubelgiji nayo ilikuwa imedhaminiwa kutoegemea upande wowote kwa mkataba wa London wa mwaka 1839, na Uingereza ilikuwa miongoni mwa wadhamini. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walivuka mpaka, na siku hiyohiyo Uingereza ikaingia vitani. Ndivyo karatasi iliyotiwa sahihi kabla dola ya Kongo haijabuniwa ilivyowatia vitani hata watu wa kando ya ziwa Tanganyika.

Chanzo cha pili ni silaha. Bunduki ya Hiram Maxim, iliyoanza kuonekana mwaka 1884, ilifyatua risasi zipatazo 500 kwa dakika. Katika miaka hiyohiyo ilipatikana baruti isiyotoa moshi, hata mpigaji akaweza kujificha mahali alipo. Mzinga wa Kifaransa wa milimita 75, wa mwaka 1897, haukuruka nyuma kila ulipopigwa, kwa hiyo haukuhitaji kulengwa upya kila mara. Seng'enge, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya kuzuia ng'ombe, sasa ilizuia watu.

Nguvu ya silaha hizo haikuwa siri. Huko Omdurman, Sudan, mwaka 1898, wafuasi wa Mahdi zaidi ya 10,000 walikufa kwa asubuhi moja, huku waliofia upande wa Waingereza hawakufika 50. Huko Mahenge, mwaka 1905, wapiganaji wa Maji Maji walikatwa na rashasha za Wajerumani. Maofisa wa Ulaya waliyajua hayo yote, lakini waliyahesabu kuwa habari za ushenzi wa walioshindwa, wala si habari za silaha yenyewe. Tarehe 22 Agosti 1914 askari wa Ufaransa wapatao 27,000, wengi wao wakiwa bado wamevaa suruali nyekundu, waliuawa kwa siku moja.

Mwezi Septemba Wajerumani walizuiwa kwenye mto Marne, wakarudi nyuma hadi mto Aisne, wakashika mabeleshi. Kila upande ukajaribu kuuzunguka mwingine kwa kaskazini, hata ukafika baharini. Huko Wabelgiji walifungulia maji ya bahari yakafunika bonde la mto Yser. Tangu hapo hapakuwa na ubavu wa kuzungukwa. Mapatano yalikuwa yameleta watu wa kutosha kuujaza mstari wote.

Hata hivyo, mstari uliweza kutobolewa, na mara kadhaa ulitobolewa. Tatizo lilikuja baada ya hapo. Mshambuliaji alikwenda kwa miguu, juu ya ardhi iliyovurugwa na makombora yake mwenyewe, na amri zilimfikia kwa kuchelewa. Mlinzi alileta askari wa akiba kwa reli. Tundu lilizibwa kabla halijapanuka. Ndiyo maana kwenye mto Somme, tarehe 1 Julai 1916, baada ya juma zima la mizinga, Waingereza walipoteza watu zaidi ya 57,000 kwa siku moja, na kati yao zaidi ya 19,000 walikufa. Gesi ya sumu, iliyotumiwa huko Ypres mwezi Aprili 1915, na vifaru vya Septemba 1916 havikubadili hesabu hiyo mara moja.

Ushahidi kwamba rashasha pekee haikuzaa handaki unapatikana Afrika ya Mashariki. Siku ileile ya 22 Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilishambulia bandari ya Lukuga, ambayo leo ni Kalemie. Maadui walikuwa walewale, na rashasha zilezile. Mahandaki yalichimbwa hapa na pale, lakini hapakuwa na watu wa kuujaza mstari katika nchi pana kiasi hicho, wala reli za kutosha kuwalisha. Vita vikawa vya mwendo: Force Publique chini ya Tombeur ilitoka Kivu ikaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na von Lettow-Vorbeck akazungukazunguka hadi alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza.

Kazi iliyofanywa na reli huko Ulaya hapa ilifanywa na vichwa na mabega ya watu, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Malaki ya wapagazi walichukuliwa, wengi kwa nguvu, pande zote za ziwa. Njaa, kuhara na uchovu viliwaua wengi kuliko risasi, na walio wengi hawakuandikwa majina popote.