Mateka Mmoja na Wapagazi Mia Sita: Bei ya Huruma kutoka Mishna hadi Bagamoyo

Katika sheria ya Kiyahudi, kumkomboa mateka ni tendo la huruma lisilo na mfano. Musa bin Maimun, fakihi na tabibu aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufia Misri mwaka 1204, alilitanguliza mbele ya sadaka nyingine zote, kwa hoja kwamba mateka ana njaa, ana kiu na hana nguo kwa wakati mmoja, na juu ya hayo roho yake imo hatarini. Hakuyasema hayo kitabuni tu: mwaka 1169 alisambaza barua za kuwachangia Wayahudi waliotekwa Bilbeis, mji wa Misri. Pamoja na hayo alishikilia mpaka uliowekwa na Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi, karibu mwaka 200: mateka hakombolewi kwa bei inayozidi thamani yake.

Anayeisoma kanuni hiyo mara ya kwanza huona ukatili. Mimi naiona kuwa ni kazi ya watu waliomjua binadamu vizuri. Wanasaikolojia huita upogo ile hali ya akili kupinda upande mmoja bila mwenyewe kujua, na upogo unaotuhusu hapa ni wa mhanga mwenye sura. Mwaka 2005 Tehila Kogut na Ilana Ritov, watafiti wa Israeli, waliwaomba watu wachangie matibabu ya mtoto mmoja mgonjwa, na wengine wakaombwa wawachangie watoto wanane, huku kiasi kilichohitajika kikiwa kile kile. Mtoto mmoja mwenye jina, umri na picha alipata zaidi ya wanane waliotambulishwa vivyo hivyo. Waliongezeka watoto saba, mkono ukafumba.

Pwani yetu ina mfano mkubwa kuliko jaribio hilo, na mhanga wake mwenye sura alizaliwa katika nyumba ya Kiyahudi. Eduard Schnitzer wa Oppeln, Silesia, aliyezaliwa mwaka 1840, alibatizwa utotoni, akasomea udaktari, akaingia utumishi wa dola ya Uthmaniya na kisha wa Misri, akawa Emin Pasha. Khartoum ilipotekwa na wafuasi wa Mahdi Januari 1885 na Jenerali Gordon, Mwingereza aliyeulinda mji huo, kuuawa, Emin alibaki gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan, bila njia ya kutokea. Barua zake zilipofika Ulaya mwaka uliofuata, Uingereza iliyochelewa kumwahi Gordon ikapata wa kumuokoa. Tusijifanye hatuoni: William Mackinnon, kiongozi wa kamati ya uokozi mjini London, alikuwa na lake jambo katika biashara ya Afrika Mashariki, na pembe za ndovu za Emin zilijulikana. Hata hivyo kilichofungua mifuko ya wachangiaji na kurasa za magazeti kilikuwa sura ya mtu mmoja.

Henry Morton Stanley, aliyeongoza msafara wa kamati hiyo, aliondoka Unguja Februari 1887 na Waunguja zaidi ya 600, akawazungusha kwa meli mpaka mdomo wa mto Kongo ili wavuke bara kutokea magharibi. Baadhi yao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira ikaenda kwa mabwana hao. Yaani mtumwa alitwishwa mizigo akamkomboe gavana. Watu karibu 270 waliachwa Yambuya, kando ya mto Aruwimi, wakaambiwa wangoje. Chakula kilikuwa muhogo, tena mchungu. Mpishi yeyote wa pwani anajua kwamba muhogo wa namna hiyo huloweshwa na kuanikwa kabla ya kufika chunguni. Watu wale, wagonjwa na wenye njaa, waliula bila kuutengeneza ipasavyo, ukawadhuru. Stanley alipowarudia Agosti 1888, wengi walikuwa wameshakufa.

Emin mwenyewe hakuwa na haraka. Alipokutana na Stanley kando ya Ziwa Albert Aprili 1888 alisitasita, akakubali kuondoka mwaka uliofuata, baada ya askari wake kumwasi. Waliingia Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku huo, katika karamu ya maofisa wa Kijerumani, Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alianguka kutoka dirisha la ghorofani akaumia kichwa vibaya. Aprili 1890, akiwa amepona, alitoka hapo hapo Bagamoyo na msafara mwingine kurudi bara, safari hii kwa niaba ya Wajerumani. Kati ya Waunguja walioondoka mwaka 1887, hata nusu hawakurudi.

Talmudi, kitabu kinachoifafanua Mishna, inatoa sababu mbili za mpaka ule wa bei. Ya kwanza, jamii isitwishwe mzigo usiobebeka. Ya pili, watekaji wasipate hamu ya kuteka zaidi. Mijadala ya siku hizi huelemea ya pili. Ndiyo iliyoshikwa na marabi waliopinga mwaka 2011, Israeli ilipompata askari mmoja, Gilad Shalit, kwa kuwaachia wafungwa 1,027 wa Kipalestina. Ingeweza pia kuwahoji mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 na kuwalea humo watoto walionunuliwa sokoni Unguja. Soko lile halikufungwa na wema wa wanunuzi. Lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Waingereza.

Lakini nashikilia kwamba sababu ya kwanza ndiyo nzito. Msafara wa Emin haukumlipa mtekaji fidia, kwa hiyo sababu ya pili ingeuacha upite. Ya kwanza ingeusimamisha, mradi bei ihesabiwe kwa miili ya watu pamoja na dinari, na mpagazi ahesabiwe katika jamii inayolindwa.

Hapo ndipo pagumu. Kogut na Ritov waliporudia suala hili mwaka 2007, walikuta kwamba mhanga mmoja huvuta huruma ya pekee akiwa mwenzetu; akiwa wa taifa jingine mvuto huo hauonekani. Sheria ya Kiyahudi haikuung'oa upogo huo. Iliutungia kanuni: maskini wa mji wako hutangulia wa mji mwingine, ingawa Talmudi inaagiza pia maskini wasio Wayahudi wahudumiwe kwa ajili ya amani. Kinga bora naiona kwenye mfuko wa jamii, ambao hukusanywa na watu wawili lakini hugawanywa na watatu, kwa kuwa ugawaji huhesabiwa kama kesi ya mali. Kumpa huyu ni kumnyima yule, na uamuzi wa namna hiyo hauachiwi moyo wa mtu mmoja. Ila watatu wa ukoo mmoja huona kitu kimoja. Kamati ya Mackinnon ilikuwa na wajumbe wengi, watu na heshima zao, wala hakuna aliyekuwa na ndugu miongoni mwa walioandikishwa Unguja.

Fakihi atanijibu kwamba mpagazi akikaribishwa barazani hakuna mateka atakayekombolewa, maana mbebaji hupima mzigo kwa bega lake. Sidhani. Waunguja wale walikuwa watu wa safari, na njia ya bara kutokea pwani waliijua. Njia ya Kongo ilichaguliwa kwa matakwa ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na pia kwa hofu kwamba kwenye njia ya pwani wapagazi wangetoroka wakarudi makwao. Jibu lao kuhusu safari hiyo, basi, lilikuwa linajulikana kabla hawajaulizwa.