Makaa ya Witbank na Maji ya Msumbiji

Askari wa mpakani humkagua mtu, gari na mzigo, lakini mto hauonyeshi pasi. Jirani zetu wa Msumbiji wanalijua jambo hilo vyema. Mito ya Olifants na Komati yote miwili huanzia katika nyanda za makaa ya mawe za Mpumalanga, Afrika Kusini, na maji ya yote miwili huishia Msumbiji.

Reli ya Pretoria hadi Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, ilifunguliwa mwaka 1895, nayo ilipita katikati ya makaa hayo. Mji wa Witbank ukakua juu yake. Tangu mwaka 2006 unaitwa eMalahleni, yaani penye makaa. Miongoni mwa waliochimba walikuwamo vijana wa Msumbiji walioandikishwa na Wenela, jina ambalo hata kwetu Rungwe halikuwa geni. Mkataba wa mwaka 1909 baina ya Wareno na wakuu wa Transvaal ulipanga mambo ya vibarua, reli na ushuru. Mreno alipata malipo yake, mwenye mgodi akapata mikono ya bei rahisi.

Sasa tuyatazame makaa yenyewe. Ndani yake mna madini ya chuma yaliyoungana na kiberiti. Yakikaa ardhini bila kuguswa hayana madhara makubwa. Yakifunuliwa, hewa na maji huyageuza kuwa tindikali, na tindikali huyeyusha chuma na alumini iliyomo katika mawe. Ndiyo sababu vijito vya huko huonekana vyenye rangi ya kutu. Tindikali hiyo haimhitaji mchimbaji tena. Huendelea kutoka miaka mingi baada ya lango kufungwa. Mgodi wa Transvaal and Delagoa Bay, karibu na Witbank, ulifungwa mwaka 1953. Sheria ya Maji ikatungwa mwaka 1956, na katika miaka ya 1970 serikali ya makaburu ikakubali kuubeba mzigo wa migodi ya zamani iliyokwisha kuachwa. Wenye hisa walikuwa wamekwisha kugawana faida. Mwaka 2009 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Afrika Kusini alitaja migodi 5,906 ya kila aina ya madini iliyotelekezwa.

Sheria zilizofuata hazikuwa dhaifu. Ile ya mwaka 1991 ilidai mpango wa kulinda mazingira. Ile ya mwaka 2002 ilidai fedha za kurejesha ardhi ziwekwe kando, na mwenye mgodi asivuliwe wajibu mpaka apewe cheti cha kufunga. Mkaguzi hutazama kama udongo wa juu ulitengwa ili urudishwe, kama mashimo yamefukiwa na miteremko kulazwa, kama nyasi zimeota, na hasa maji yanayotoka yana hali gani. Kukagua nyasi ni rahisi. Maji ndiyo huficha siri.

Mji wa Carolina ni ushahidi. Kwa muda mrefu maji ya migodini yalijikusanya katika kinamasi juu ya bwawa la mji. Januari 2012 ikanyesha mvua kubwa, ikayasukuma yote bwawani kwa mara moja. Samaki wakafa, na maji ya bomba hayakufaa kunywewa. Julai mwaka huohuo, wananchi wakiwa bado wanategemea maji ya kuletwa, Mahakama Kuu ya Pretoria iliamuru wapatiwe maji salama ndani ya saa 72. Kijito cha Carolina humwaga maji yake katika Komati.

Je, wakaguzi hawakuwapo? Afrika Kusini ina wakaguzi wa mazingira ambao wananchi wamewapa jina la Nge wa Kijani. Sheria imewapa uwezo wa kuingia, kupekua na kukamata, karibu sawa na wa polisi. Lakini migodini mambo ni mengine. Chini ya utaratibu ulioanza Desemba 2014, wizara ya madini, ambayo hutoa leseni za kuchimba, ndiyo pia hutoa vibali vya mazingira vya migodi na kuikagua. Ninyi mnaotunza maghala ya silaha mtaelewa upesi: ni sawa na mtunza ghala kujihesabia risasi zake mwenyewe.

Haki itendeke, kuna yaliyofanywa. Mwaka 2007 ulizinduliwa eMalahleni mtambo wa kuyasafisha maji ya migodini hata yakanyweka, na mji hupata maji humo. Mtambo huo, hata hivyo, lazima uendeshwe na kulipiwa kila siku, na makaa yaliyopaswa kuulipia yatakwisha kabla ya tindikali.

Msumbiji imetia sahihi mapatano na jirani zake, mwaka 2002 juu ya Komati na mwaka 2003 juu ya Limpopo, ambao ndio huupokea Olifants. Kwa mapatano hayo yaweza kudai taarifa na kufikisha malalamiko. Kuingia katika mgodi wa Mpumalanga na kufungua daftari la vipimo haiwezi. Mpimaji wa Massingir hutumbukiza chupa yake katika maji yaliyokwisha kuvuka mpaka.