Karamu ya Mji na Wale Waliobeba Mizigo Yake



Kila mwaka, tarehe 7 Julai, mji wa kale wa Pamplona, kaskazini mwa Hispania, huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Fermín. Hapo zamani sikukuu hiyo iliangukia mwezi Oktoba. Mwaka 1591 ilihamishiwa Julai, wakati wa hali nzuri ya hewa. Ulimwengu unaifahamu zaidi kwa sababu ya mafahali wanaokimbia katika mitaa myembamba ya mji huo. Hata hivyo, wenyeji wenyewe huandamana na sanamu ya mtakatifu wao, na asubuhi ya kufungua sherehe huketi pamoja kula mayai ya kukaanga na soseji nyekundu yenye viungo. Maelfu ya wageni husafiri kutoka mbali ili waone siku hizo na kuonja chakula hicho.

Nasi wakazi wa Dar es Salaam tunayo sikukuu yetu tarehe hiyo hiyo. Siku ya 7 Julai 1954, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, pembezoni mwa Kariakoo, kilizaliwa chama cha TANU, na ndiyo asili ya Saba Saba tunayoiadhimisha. Tunauliza, basi: je, mgeni akija kwetu kutafuta historia katika chakula na sikukuu, kama watu waendavyo Pamplona, tutampeleka wapi? Jibu letu ni Kariakoo. Lakini kabla ya kumkaribisha mezani hatuna budi kumweleza meza hiyo ilitoka wapi.

Tuanze na chakula chenyewe. Mahindi, mihogo, nyanya, mananasi na pilipili tunazozinunua Kariakoo asili yake ni bara la Amerika. Vilivuka bahari kwa merikebu za Wahispania na Wareno baada ya mwaka 1492. Ile pilipili inayoipa soseji ya Pamplona rangi yake nyekundu ina asili moja na pilipili ya kachumbari yetu. Pilau, sambusa na chapati vilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Hata neno “meza” tumelipokea kutoka kwa Wareno.

Mtu mmoja hasa huunganisha pande hizi mbili. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alizaliwa mwaka 1506 Navarra, nchi ambayo Pamplona ni mji wake mkuu, naye ni msimamizi wa nchi hiyo pamoja na Mtakatifu Fermín. Mwaka 1542, akiwa safarini kwenda Goa, alitia nanga Malindi. Mmoja wa wasafiri wa merikebu yao alifariki hapo, naye Ksaveri na wenzake wakamzika kwa ibada. Katika barua yake aliandika kwamba Waislamu wa Malindi walipendezwa kuona jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao. Karne nyingi baadaye, Wagoa waliokuja Afrika Mashariki kama makarani, mafundi cherehani na wapishi walikuja pia na ibada kwa mtakatifu huyo, ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Desemba. Tunaomba msomaji aliweke moyoni tukio hilo la Malindi, yaani msafiri aliyezikwa kwa heshima ugenini, kwa kuwa tutalirudia.

Sasa tuingie Kariakoo. Mji wetu ulianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wajerumani waliufanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, na kati ya 1897 na 1902 likajengwa Kanisa la Mtakatifu Yosefu kando ya bandari. Watawala waliugawa mji: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Huko nyuma ya Mnazi Mmoja Wajerumani walijenga jumba kubwa lililokusudiwa kwa sherehe za utawala wao mwaka 1914. Sherehe hizo hazikufanyika kamwe, maana mwezi Agosti mwaka huo vita vikuu vilizuka.

Waingereza waliuteka mji mwezi Septemba 1916. Jumba lile la karamu isiyoliwa likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikalifanya jina hilo kuwa “Kariakoo”. Nairobi nako kuna Kariokor, jina la asili hiyo hiyo.

Ni akina nani hao wapagazi? Walikuwa wanaume wa Afrika Mashariki na Kati, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu, waliobeba vichwani unga, risasi na dawa za jeshi mahali ambapo reli haikufika na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung’o. Kwa upande wa Waingereza peke yake waliotumikishwa walikaribia milioni moja, na wanahistoria hukadiria kuwa waliokufa walikaribia laki moja. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Chakula chenyewe kilikuwa sehemu ya msiba huo. Watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi. Nao, wakiwa wamechoka kwa mwendo wa kutwa, bila kuni za kutosha wala vyombo, waliula haujaiva, ukawaharibu matumbo. Waliobeba chakula cha wengine walikufa kwa kukosa chakula kinachofaa.

Baada ya vita kambi ikawa soko. Katika miaka ya 1970 jengo la zamani liliondolewa, na mahali pake pakainuka soko lililobuniwa na msanifu wetu Mtanzania, Beda Amuli, lenye paa mfano wa miavuli iliyogeuzwa ili kuyakinga maji ya mvua. Ndipo karamu iliyokusudiwa kwa wachache ikawa ya wote. Katika Mwezi Mtukufu wa Ramadhani mitaa ya Kariakoo hujaa tende, magimbi, tambi, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga. Zikikaribia Krismasi na Pasaka, Wakristo hujazana huko huko kutafuta mchele, viungo na nguo za watoto. Sahani za pilau hupita kutoka mlango hadi mlango bila kuuliza dini ya jirani. Yeyote akumbukaye mfano wa karamu katika Injili ya Luka, sura ya 14, jinsi walioalikwa walivyokosekana na maskini wakaingizwa, hataacha kutafakari juu ya jumba lile la mwaka 1914.

Mwaka 2021 ulitukumbusha mambo mawili. Usiku wa 10 Julai soko hilo liliungua moto, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mali zao. Miezi mitatu kabla yake, mwezi Aprili, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Somalia, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Katikati ya mji wetu Sanamu ya Askari imesimama tangu mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja pia wapagazi. Lakini anayeonekana juu ya nguzo ni askari mwenye bunduki. Mpagazi hana jina pale. Jina lake limebaki sokoni tu.

Ndiyo maana tunasema kwamba Kariakoo ni kaburi na meza kwa pamoja. Pamplona humkumbuka mtakatifu wake kwa maandamano kabla ya kula. Sisi tunakula kila siku katika jina la wafu tusiowajua, na wengi wetu tunadhani ni jina la mtaa tu.

Tufanye nini, basi? Kwanza, tarehe 2 Novemba, tunapowaombea Marehemu Wote, tuwataje wapagazi wa Kariakoo pamoja na ndugu zetu. Tendo alilofanyiwa yule msafiri wa Malindi mwaka 1542, wao walinyimwa. Sala yetu si kuchelewa mno. Pili, tuwasimulie watoto asili ya jina hilo. Tatu, tuwaangalie walio hai. Bado yuko mtu anayebeba gunia la mchele wetu mgongoni, yuko msukuma mkokoteni, yuko mama lishe aliyewasha jiko kabla ya alfajiri. Tunapojiandaa kwa sikukuu, mara nyingi fedha ya kwanza tunayoipunguza ni ujira wake. Tumlipe kwa haki, bila kumsumbua kwa mia mbili, na tumwulize jina lake.