Kabla ya kufuga samaki, fuga maji

Ndugu msomaji, wale mlionisikia redioni mtaniwia radhi, maana leo naanza kwa kukiri jambo ambalo hewani nililipitia haraka: mimi ni muuaji. Katika muda wa siku kumi na moja niliua samaki tisa, na niliwaua kwa usafi.

Ilikuwa hivi. Mwaka juzi nilinunua tangi la kioo la futi tatu la kuweka sebuleni, pamoja na pampu yake, taa yake, na kokoto za buluu. Nikanunua na samaki, wadogo wa njano, wazuri kweli. Muuzaji akaniambia hao ni mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa, ambalo wenzetu wa upande wa pili huliita Ziwa Malawi. Nikafurahi kupata samaki wa nyumbani. Nikamwuliza wamesafirije kutoka Kyela hadi Dar es Salaam. Akacheka. "Kaka, hawa wamekuja na ndege kutoka Asia. Wamezaliwa huko huko, kwenye mabwawa." Wosia wake ulikuwa mmoja tu: kila baada ya siku tano mwaga maji yote, sugua kokoto mpaka zing'ae, jaza maji mapya ya bomba.

Nikafuata kama askari. Siku ya kumi na moja mwanangu mdogo akaja kuniamsha. "Baba, wote wamelala ubavu."

Nilimpigia simu mama yangu Mwanza, si kwa kutafuta ushauri, bali kwa kuwa ndiye ninayempigia nikifanya upumbavu. Akaniuliza walikuwa samaki gani. Nikamwambia wa kutazama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama walikuwa wanalika.

Mwandishi wa habari akikuta maiti huuliza chanzo cha kifo. Nikaanza kusoma historia ya kazi hii ya kufuga samaki ndani ya nyumba, na nikagundua kwamba kosa langu lina umri mkubwa kuliko mimi.

Wa kwanza kuleta samaki karibu na watu kwa kuwatazama tu walikuwa Wachina. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, walianza kuchagua na kuzalisha samaki wenye rangi ya dhahabu, wakawafuga vidimbwini na baadaye katika vyungu vya kauri. Kwa kuwa chungu hakipenyezi mwanga, samaki hao walitazamwa kutoka juu, kama sisi tunavyochungulia kisimani. Katika karne ya 17 na ya 18 samaki hao wakafika Ulaya, wakawekwa katika bakuli za kioo. Aliyetaka waishi ilimbidi kubadilisha maji kila mara, na hata hivyo wengi hawakudumu.

Tangi la kioo lenyewe lina mama. Mwaka 1832 Mfaransa mmoja, Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa akiishi Messina katika kisiwa cha Sicily, alitengeneza matangi ya kioo ili amchunguze mnyama wa bahari wa jamaa ya pweza anayeishi ndani ya gamba jembamba. Wasomi walikuwa wakibishana kama mnyama huyo hujitengenezea gamba au huiba la mwingine. Bibi huyo akawaonyesha kwamba hujitengenezea mwenyewe. Baadaye, mwaka 1846, Anna Thynne, mke wa kasisi mmoja wa London, alileta matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay. Maji ya bahari yalikuwa shida kupatikana mjini, kwa hiyo mtumishi wake wa ndani akapewa kazi ya kuyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine karibu na dirisha, nusu saa na zaidi, ili yapate hewa. Mimi nikisikia pampu yangu ikinguruma usiku humkumbuka huyo mtumishi. Ndiye pampu ya kwanza, na jina lake hakuna aliyejisumbua kuliandika.

Kisha akaja mkemia, Robert Warington, naye wa London. Aliweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa majini, akitumaini kwamba mmea utatoa hewa na samaki wataivuta. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Halafu majani yakaanza kuoza, maji yakachafuka, utando wa kijani ukatanda kwenye kioo. Wewe na mimi tungemwaga. Yeye akatafuta konokono wa majini na kuwatia humo. Konokono wakala uozo na utando, wakataga mayai, samaki wakala mayai. Maji yakatakata yenyewe. Mwaka 1850 akatangaza habari hiyo mbele ya wanakemia wenzake, na watu wakaanza kuamini kwamba tangi linaweza kujiendesha lenyewe bila kubadilishwa maji.

Ikatokea kwamba wakati huo kioo nacho kilikuwa kimeshuka bei Uingereza, kwa sababu ushuru wake ulifutwa mwaka 1845. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kuhusu akwariamu. Mji mzima ukapagawa. Watu wenye uwezo walishuka pwani na ndoo na patasi, wakabandua kila kilichong'ang'ania mwamba. Kufikia mwaka 1907 mtoto wa Gosse aliandika kwa uchungu jinsi vidimbwi vya mawe alivyovijua utotoni vilivyokwanguliwa na watu waliomsoma baba yake. Wengi wa viumbe hao walikufa ndani ya siku chache katika sebule za watu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mafundi. Matangi yalikuwa na fremu za chuma na sakafu ya bamba la jiwe, vioo vikishikwa kwa puti kama vya dirisha. Mwaka 1869 Pierre Carbonnier wa Paris akapata kutoka China samaki wa nchi za joto, na baada yake wakaja wengine. Samaki wa joto katika nyumba ya baridi wanataka moto, na kwa kuwa umeme haukuwapo majumbani, watu waliwasha taa ya mafuta au ya gesi chini ya lile bamba la jiwe. Ukisahau utambi asubuhi unaamka na mchuzi au na barafu. Wafugaji hao walijivunia maji makuukuu, yaliyogeuka manjano kama chai. Kubadilisha maji kwao lilikuwa kosa. Kumbe wao walikosea upande mmoja na mimi nikakosea upande wa pili.

Hapa ndipo nilipokipata chanzo cha vifo vyangu. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula kinachobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia ni ile inayowasha pua ukipita penye choo cha mkojo kisichosafishwa. Ni sumu. Ziwani hupotea kwa sababu kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia na mimea huila. Mrusi Sergei Winogradsky aliwachunguza bakteria wa namna hiyo mnamo mwaka 1890. Lakini kutoka maabara hadi sebuleni kulikuwa mbali: ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya wafugaji wa kawaida kuelewa kwamba hao bakteria ndio wenye tangi. Wanaishi kwenye kokoto, kwenye kioo, ndani ya sifongo ya chujio. Huchukua wiki nne, sita, hata zaidi, kujaa vya kutosha.

Mimi niliwapa siku tano. Kisha nikazisugua kokoto, na nikawamiminia maji ya bomba yenye klorini, dawa ambayo imewekwa humo makusudi kuua vijidudu, na ambayo huunguza hata mashavu ya samaki. Klorini ikafanya kazi yake. Nilikuwa nimejenga nyumba isiyo na choo, halafu kila mtu alipojaribu kuchimba choo nikamfukuza.

Mambo mengine yaliyobadili kazi hii nitayapita upesi. Umeme ulileta hita na pampu. Katika miaka ya 1930 walipatikana Amazon wale samaki wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka kama taa ya neoni, dunia nzima ikawataka. Katika miaka ya 1950 mfuko wa nailoni uliojazwa oksijeni ukachukua nafasi ya debe, na ndege za jeti zikafupisha safari. Miaka ya 1960 ikaja gundi ya silikoni, fremu ya chuma ikaondoka, na tangi likawa kioo kitupu. Kwa bahari, mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliwaeleza wafugaji jinsi ya kutumia mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake hai, yasafishe maji yenyewe. Lakini miaka hiyo hiyo wavuvi wa Ufilipino walikuwa wameanza kunyunyiza sianidi kwenye matumbawe ili samaki wa mapambo walewe na kukamatika kirahisi. Siku hizi taa ni za LED na joto la tangi unaweza kulisoma katika simu.

Lakini kuna sura moja inayotuhusu sisi. Katika miaka ya 1960 mbuna wa Ziwa Nyasa walianza kusafirishwa kwenda ng'ambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard akaweka kituo Bujumbura, akawa anasafirisha samaki wa Ziwa Tanganyika. Hao wote ni jamaa ya perege na sato. Wafugaji wa Ulaya na Marekani, waliozoea samaki wa Amazon wanaopenda maji laini, wakajikuta na viumbe wanaotaka maji yenye tabia ya magadi. Ikabidi wajifunze upya: kutia chokaa, vipande vya matumbawe, na chumvi maalumu. Na kwa kuwa amonia huwa kali zaidi katika maji ya magadi, mchezo wa maji makuukuu ukaisha. Ukitaka kumfuga samaki wa Tanganyika, lazima kwanza uwafuge wale bakteria, halafu maji uyabadilishe kidogo kidogo, robo kwa robo.

Kuna jambo lililonichekesha. Ziwani humo samaki wa mwamba mmoja hutofautiana rangi na ndugu zake wa mwamba wa pili, kwa hiyo wauzaji huwaita kwa mahali walipotoka. Ndiyo sababu Mjerumani ambaye hajawahi kuvuka bahari anaweza kukwambia bila kusita tofauti ya Ikola na Kipili, au kukuonyesha samaki mwenye nundu na mistari saba akamwita "Kigoma". Neno mbuna lenyewe, la Watonga wa Malawi, limekuwa neno la dunia. Faida kubwa, hata hivyo, iko kwa anayezalisha, na wanaozalisha wengi wako mbali na maziwa haya. Samaki hao si wagumu kuzaliana: wengi wao mama huatamia mayai mdomoni, watoto wachache lakini walio salama.

Sasa niwarudishe kwetu Mwanza. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za furu, nao wa jamaa hiyo hiyo. Sangara waliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamejaa. Sangara walileta viwanda vya minofu na fedha, hilo sikatai. Lakini furu wakaisha, wakimezwa na sangara, wakikokolewa na nyavu, na maji nayo yakizidi kufifia kwa uchafu. Wataalamu wengi hutaja aina zipatazo 200 zilizopotea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi Mwanza tangu mwaka 1977, walichukua baadhi wakiwa hai wakawazalisha kwao. Katika miaka ya 1990 hifadhi za samaki za Marekani nazo zikaanzisha mpango wa pamoja wa kuwatunza. Baadhi ya furu wamerudi ziwani wenyewe tangu wakati huo. Wengine, kama yule aitwaye Haplochromis perrieri, anayedhaniwa kuwa ametoweka ziwani, wameendelea kuzaliana katika matangi, yakiwamo ya watu binafsi wenye hita, chujio na uvumilivu. Mambo ambayo Warington na Winogradsky waliyaanza ndiyo yanayowapa pumzi.

Tangi langu nimelirudisha. Safari hii nililiacha na maji matupu kwa wiki saba, nikitia chembe za chakula tu ili kuwalisha bakteria, jirani wakidhani nimerukwa na akili. Samaki wanne wana mwezi wa nane sasa.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwanza, nikamwonyesha mama katika simu picha ya furu ndani ya tangi la Mzungu mmoja. Aliisogeza karibu na macho, akaiangalia kwa muda. Akasema huyo anamjua, marehemu bibi yangu alikuwa akiwakausha juani na kuwatia karanga. Akauliza yule Mzungu anawauzaje, kwa fungu au kwa mmoja mmoja. Nikamjibu kwa mmoja mmoja, nikamtajia bei.

"Basi mwambie awatunze," akasema, akanirudishia simu, akaenda kugeuza dagaa wake.