Guangzhou, bandari inayoufuata mto

Mnara wa msikiti wa Huaisheng, katikati ya mji mkongwe wa Guangzhou, una urefu wa mita 36. Ni wa duara, mwembamba, mweupe, na inasimuliwa kwamba mabaharia waliutumia kama taa ya kuingilia bandarini. Leo ukisimama chini yake huoni maji. Mto Zhujiang uko zaidi ya kilomita moja kusini. Tope limejaza ukingo karne baada ya karne, na watu wakajenga juu yake.

Majeshi ya Qin yalianzisha makao hapa mwaka 214 kabla ya Kristo, yakiitwa Panyu. Enzi ya nasaba ya Tang, Waarabu na Waajemi walioweka maskani waliuita mji huu Khanfu. Walisafiri kwa pepo tunazozijua sisi watu wa pwani: kusi iliwapeleka katikati ya mwaka, kaskazi ikawarudisha. Kumbukumbu za nasaba ya Song zinataja wajumbe wa Cengtan, ambayo baadhi ya wanahistoria huitambua kuwa nchi ya Wazanji, waliofika China mwaka 1071 na tena 1083. Njiani walikaa siku 160, tena kwa upepo mzuri.

Kuanzia 1757 hadi 1842 Wazungu wafanyabiashara wa baharini waliruhusiwa bandari hii tu. Hata hivyo merikebu zao kubwa zilitia nanga Huangpu, chini ya mto, na shehena ikamaliziwa kwa mashua, maana maji ya mjini hayakuwa na kina.

Mji uko kusini kidogo tu ya Tropiki ya Kansa. Mvua hupita milimita 1,700 kwa mwaka, nyingi ikinyesha Aprili hadi Septemba. Joto la Julai ni kama nyuzi 29, lakini msimu unaochosha zaidi, kwa maoni yangu, ni Machi: hewa yenye unyevu hutoka baharini, kuta zinatoka jasho, vigae vinateleza, nguo hazikauki. Anayehifadhi mzigo wa vitambaa ajihadhari na ukungu.

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh hununua bidhaa katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, lakini makontena mengi hupakiwa Nansha, mdomoni mwa mto, kwenye gati zilizofunguliwa 2004. Julai hadi Septemba ni miezi ya tufani. Mangkhut ilipopiga Septemba 2018, serikali ya mji iliamuru kazi, biashara na usafiri visimame, na wenye mzigo wakasubiri.