Namba Bila Jina: Wachongaji wa Changamwe

Ingia duka la chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba pale Changamwe, Mombasa, umchukue twiga yeyote wa mbao na kumgeuza. Utaona bei, na kando yake namba. Hiyo namba ni mtu. Twiga akinunuliwa, ndiyo inayomwambia karani pesa ni za nani. Mimi naona ndani yake karibu kila kitu ambacho chama cha sanaa kinaweza kumfanyia mfanyabiashara mdogo, pamoja na kile ambacho bado hakijamfanyia.

Turudi nyuma kidogo. Hadithi inayosimuliwa Wamunyu, kule Ukambani, huanza na Mutisya Munge. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka upande wa Tanganyika, na huko akajifunza kuchonga mpingo kwa Wamakonde. Aliporudi kwao aliendelea na kazi hiyo, jamaa na majirani wakajifunza kwake. Si kwamba Wakamba hawakujua kuchonga. Vigoda na vijiko walikuwa navyo tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni kinyago cha kumuuzia mgeni. Sasa, mgeni hakai Wamunyu. Yuko Nairobi, yuko Mombasa. Kinyago kikabidi kisafiri, na kila penye safari hapakosi mtu wa kati.

Wewe kama umewahi kuuza picha, shanga au fulana ulizochora mwenyewe, hii unaijua. Fundi anaweza kukaa siku nyingi na kipande kimoja, lakini karo haisubiri. Broka anajua hivyo, kwa hivyo anangoja tu mpaka njaa ikushushie bei.

Chama cha Changamwe kilianzishwa 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Mpango wake si mgumu kuelewa. Kila mwanachama anachonga chake, kwa mkono wake na kwa wakati wake. Chama kinampa mahali pa kufanyia kazi, duka la pamoja, na njia ya kupokea oda kubwa za ng'ambo ambazo mtu mmoja hawezi kuzijaza hata asipolala. Kinakata asilimia yake, zinazobaki ni za mwenye namba. Hapo ndipo akili ilipo: chama kilibeba mzigo uliomshinda fundi peke yake, kikamwachia tezo na patasi yake.

Mtihani mkubwa ulikuja kupitia mti wenyewe. Vinyago vingi vilitoka kwa muhugu na mpingo, miti inayokua polepole mno, na kufikia miaka ya 1990 misitu ilikuwa imeelemewa. Watu wa mazingira, wakiwemo WWF na bustani ya mimea ya Kew ya Uingereza, walishirikiana na wachongaji kutafuta miti mingine: mwarobaini, mwembe, jakaranda. Mchongaji mmoja akibadilisha mbao, mteja anamwambia tu, "Hii si ile ya kawaida," anaenda kibanda cha pili. Wakibadilisha wengi kwa pamoja, mteja anazoea. Halafu mkulima wa Pwani mwenye mwarobaini uani akajikuta na kitu cha kuuza. Faida ya chama ikavuka ua, ikamfikia mwenye shamba na mwenye lori. Mchana mmoja niliokaa kwenye vile vibanda, mama wa chapati na maharagwe alikuwa anaandika madeni kwenye daftari. Nilimuuliza kama hana wasiwasi. Akanijibu, "Duka likiuza, nitalipwa."

Na duka lisipouza? Hapo ndipo pananiuma. Mlipuko wa Nairobi wa 1998, shambulio la Kikambala la 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, korona ya 2020: kila mara hoteli za Pwani zikikosa wageni, twiga wanabaki kwenye rafu. Chama kilimtoa fundi mikononi mwa broka, lakini kikamwacha mikononi mwa ndege kutoka Ulaya.

Mteja wa kumshika mkono siku kama hizo yuko hapa hapa. Ni mwenye mkahawa Nyali anayetaka meza zisizofanana na za jirani, ni sisi tunaopanga nyumba Nairobi na kununua mapambo ya plastiki. Lakini sisi hatununui kumbukumbu ya safari. Tunamnunua mtu: nani ametengeneza, anatoka wapi, nikitaka nyingine nitampata vipi. Namba haijibu hayo.

Najua hofu iliyopo. Ukiandika jina, mteja atampigia fundi moja kwa moja, na chama kife. Hofu hiyo ina maana, ila ina dawa: jina na picha viwe kwenye kinyago, simu na malipo vibaki vya chama. Tena jina litamlazimisha fundi kuchonga kitu chake, maana nani atatia sahihi twiga anayefanana na wengine mia?

Namba ilihakikisha mchongaji analipwa. Kama chama kinataka mwanawe ashike patasi hiyo badala ya kutafuta boda boda, kiandike jina kando ya namba, kisha kianze kubisha milango ya mikahawa ya Mombasa.